Ukurasa Mmoja, Tendo Moja: Kusoma Vitabu vya Kikristo na Kuviishi



Ndugu msomaji, sisi mafrateri tunasoma sana. Asubuhi tuna Masifu, kisha Misa Takatifu na masomo yake, kisha vipindi vya darasani mpaka mchana. Jioni tuna muda wa kujisomea, na mtihani unapokaribia wapo wanaoendelea kusoma chini ya blanketi kwa tochi baada ya taa za bweni kuzimwa. Ukituuliza tunasoma kitabu gani sasa, kila mmoja wetu atakutajia viwili au vitatu bila kusita. Lakini ukituuliza ni kitabu gani kimetubadilisha mwaka huu, hapo tutaanza kutazamana.

Swali hilo la pili ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Hatukulipata darasani wala maktabani. Tulilipata kigangoni, msibani, tena kwa aibu.

Kitabu kisicho na jalada

Mwaka jana tulikuwa wanne tuliopangiwa utume wa Jumamosi na Jumapili katika kigango kimoja kilicho mbali kidogo na seminari. Jumamosi moja tulipofika tuliambiwa kwamba mama mmoja wa jumuiya amefiwa na mwanawe, kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori usiku wa Alhamisi. Tukaenda. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumemaliza darasani mada ya fumbo la uovu na mateso. Daftari zetu zilikuwa zimejaa: hoja za Mtakatifu Augustino, hoja za Mtakatifu Tomaso wa Akwino, pingamizi na majibu yake, vyote kwa mpangilio mzuri. Yule mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga kichwani. Alipotuona aliuliza swali moja tu: "Mafrateri wangu, nilimkosea nini Mungu?"

Tulijibu. Mpaka leo tunaona haya tukikumbuka tulivyojibu. Mmoja wetu alianza kueleza tofauti kati ya Mungu kutenda na Mungu kuruhusu. Mwingine akaongezea habari za uhuru wa mwanadamu. Mama alitusikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni anayesema lugha asiyoijua, kisha akainamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu naye wakaanzisha wimbo, nasi tukashukuru kimoyomoyo kwamba wimbo umetuokoa.

Baada ya muda katekista wa kigango akafika. Ni mzee aliyesoma mpaka darasa la saba, na maisha yake yote amelima na kufundisha dini. Aliletewa kiti, akakiacha, akakaa chini mkekani. Alinyamaza muda mrefu mpaka sisi tukaanza kuona wasiwasi. Kisha, kwa sauti ya chini, akaanza kumsimulia mama habari za Mtakatifu Rita wa Kashia: jinsi mumewe alivyouawa, jinsi wanawe wawili walivyofariki baadaye, na jinsi alivyobaki peke yake na bado akaendelea kubisha mlango wa Mungu. Hakusema kwa nini mambo hayo yalimpata Rita, wala hakusema kwa nini yamempata huyu. Mama aliinua kichwa akauliza, "Wote wawili?" Katekista akajibu, "Wote wawili, mama." Na yule mama akalia kwa namna ambayo hakuwa amelia tangu tulipofika.

Katekista alipoinuka alikunja suruali yake, akatugeukia: "Mafrateri, kaburi bado. Twendeni." Tukaenda kuchimba.

Jioni ile tulimwomba atuambie habari zile alizipata wapi. Alituletea sanduku la bati, akalifungua. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu vilivyofungwa katika kitambaa: Biblia, Misale ya Waumini, na kitabu cha maisha ya watakatifu kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo hajui jina la kitabu chenyewe wala nani alikiandika.

"Kila usiku nasoma ukurasa mmoja," alisema. "Mmoja tu, macho hayaruhusu zaidi. Asubuhi najiuliza: ukurasa huu unataka nifanye nini leo? Nikifanya, usiku naendelea. Nisipofanya, narudia uleule."

Tulicheka, tukidhani anatania.

"Kuna mmoja, Frateri, nimeukalia tangu Kwaresima."

Tukamuuliza ni ukurasa gani.

"Wa kumsamehe mtu deni."

Hapo hatukucheka tena.

Walioitwa wasomaji

Jumapili tuliporudi seminarini hatukuzungumza sana njiani. Mmoja wetu ndiye aliyekumbusha jambo ambalo sote tulikwisha kulisoma katika Historia ya Kanisa na kulipita haraka kwa sababu halikuwa la mtihani: kwamba kule Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusali, kufuata dini na kusoma vilitajwa kwa neno lilelile. Mtu akisemwa "anasoma", watu walielewa kwamba amejiunga na wale wanaomfuata Kristo.

Tukaenda kuisoma upya historia ile. Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walifika Buganda Februari 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari hao waliondoka na kuvuka ziwa kuja upande wa kusini, na hawakurudi mpaka mwaka 1885. Kwa muda huo wote Kanisa lile changa lilibaki bila padre na bila Misa. Lakini wasomaji hawakutawanyika. Walikusanyika wakiongozwa na walei wenzao, akiwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, wakafundishana sala na mafundisho ya katekisimu waliyokwisha kuyapokea. Mapadre waliporudi waliwakuta wameongezeka.

Ilipofika Mei 1886 kusoma kukawa jambo la kufa na kupona. Kijana Denis Ssebuggwawo, mtumishi wa ikulu, alichomwa mkuki kwa sababu kabaka alimkuta amekuwa akimfundisha dini mwenzake. Usiku ule Karoli Lwanga, akijua kinachowangoja, aliwabatiza wakatekumeni wanne, mmoja wao Kizito. Tarehe 3 Juni wakateketezwa kwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na leo parokia na shule zetu nyingi zina majina yao.

Kilichotugusa ni udogo wa walichokuwa wamekisoma. Sala chache na maswali na majibu ya katekisimu. Maktaba yao yote ingeenea mfukoni mwa kanzu. Sisi tuna rafu zinazofika darini. Lakini kile kidogo walikisoma mpaka kikawa wao wenyewe, hata kabaka alipowataka wachague, hawakuhitaji kufungua kitabu kutafuta jibu. Hapo tulianza kuelewa kwamba msibani hatukushindwa kwa sababu tulisoma vitabu vibaya. Hoja za Augustino na Tomaso ni za kweli, na tunazihitaji. Tulishindwa kwa sababu zilikuwa zimeishia kwenye daftari. Tulimpa mama maelezo ambayo sisi wenyewe hatujawahi kuyaegemea hata siku moja.

Kusoma polepole, na kusikiliza kinachobaki

Tukajiuliza: je, ile desturi ya katekista ameibuni mwenyewe? Labda. Lakini tulipochunguza tuliona kwamba yuko pamoja na watu wakubwa.

Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, sura ya 48, anaagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mmonaki apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome chote, kwa mpangilio, tangu mwanzo hadi mwisho. Kimoja kwa siku zote zile. Tena anaagiza wazee mmoja au wawili wazunguke nyumbani saa za kusoma, waone kama yupo ndugu aliyeacha kitabu akakaa bure au kupiga soga. Tulipofika hapo tulichekana wenyewe kwa wenyewe, maana kila mmoja alijijua angekutwa wapi.

Karne ya 12 mmonaki Guigo, wa shirika la Wakartusi, alieleza usomaji wa kiroho kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia katika Mungu. Ni njia ileile tunayoizoea kwa jina la Kilatini, lectio divina. Wengi wetu huruka kidato kimoja: tunasoma, kisha tunaomba maombi yetu ya kila siku, ambayo hayana uhusiano wowote na tulichokisoma. Kutafakari ni kama ng'ombe anavyocheua. Amekwisha kula shambani. Sasa amelala kivulini na kukirudia kile alichokula, taratibu, mpaka kiwe nguvu yake.

Halafu yupo Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Mei 1521 alipigwa na mzinga vitani Pamplona, mguu ukavunjika, akarudishwa kwao kuuguza. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi, maana ndizo alizozipenda. Hazikupatikana. Wakampa vilivyokuwamo nyumbani: kitabu cha maisha ya Kristo kilichoandikwa na Ludolf wa Saksonia, na kitabu cha maisha ya watakatifu. Akavisoma kwa kukosa kingine. Lakini alikuwa mtu wa kujichunguza. Aligundua kwamba akiwaza yale mambo ya mashujaa anafurahi kwa muda, kisha anabaki mkavu na asiye na raha. Akiwaza kufuata njia ya watakatifu anafurahi, na furaha ile inabaki hata baada ya mawazo kupita. Katika tofauti hiyo ndimo alimoanza kujifunza kupambanua sauti ya Mungu. Tena alichukua daftari, akawa ananakili yaliyomgusa: maneno ya Kristo kwa wino mwekundu, ya Bikira Maria kwa wino wa buluu.

Jambo hili ni la kutusaidia sana leo, iwe tunasoma kitabu cha karatasi au maandishi ya kwenye simu. Baada ya kufunga kitabu au kuzima simu, jiulize: kimebaki nini ndani yangu? Amani au ukavu? Hamu ya kutenda mema, au hamu ya kubishana na watu? Yapo maandishi yanayojiita ya Kikristo ambayo yakiisha kusomwa humwacha mtu na hasira dhidi ya jirani zake na hofu ya kila kivuli. Tunda lake litatuambia habari za mti.

Mwenzetu wa kitanda cha mlangoni

Tungependa kuishia hapo, kwa watakatifu. Lakini tusingekuwa wakweli.

Baada ya safari ile ya kigangoni tulianzisha kikundi kidogo cha kusoma. Tulianza wanne, tukafika saba. Tulikutana kila Alhamisi baada ya chakula cha jioni, nusu saa kabla ya Sala ya Usiku. Sharti letu lilikuwa lile la katekista: hatusongi mbele mpaka ukurasa umepata tendo lake. Tulichagua kitabu ambamo Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu anasimulia maisha yake, kile kilichochapishwa mwaka 1898, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tulidhani kitakuwa chepesi. Ni kitabu cha binti aliyefariki akiwa na miaka 24, aliyeishi ndani ya ukuta wa Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, na hakufanya jambo lolote la kuandikwa magazetini.

Majuma ya kwanza matendo yalikuwa rahisi. Tulisafisha vyombo siku isiyo zamu yetu, tukaandika barua nyumbani, tukatulia kanisani badala ya kutazama saa. Tulijiona tunaendelea vizuri. Kisha tukafika pale Teresia anaposimulia habari za masista wenzake: yule aliyekuwa nyuma yake wakati wa tafakuri akitoa mlio mdogo wa kuudhi bila kukoma, yule aliyemrushia maji machafu usoni kila walipofua pamoja, na yule ambaye kwa tabia yake tu hakumpendeza hata kidogo, naye Teresia akaamua kumtendea kama mtu ampendaye kuliko wote, mpaka yule sista akamuuliza ni kitu gani kinachomvutia kwake.

Tulisoma kwa zamu, kwa sauti. Msomaji alipomaliza, mdogo wetu kuliko wote aliuliza, "Na mwenzetu je?"

Hakuna aliyeuliza ni mwenzetu yupi. Bwenini mwetu alikuwapo ndugu aliyelala kitanda cha mwisho, karibu na mlango. Muhula uliotangulia wachache wetu waliadhibiwa kwa kutoka nje ya eneo bila ruhusa, na tukaamua kwamba yeye ndiye aliyewapelekea walezi habari. Hatukuwa na ushahidi. Hatukumtukana wala kumgusa. Tuliacha tu. Mezani tulizungumza juu ya kichwa chake. Uwanjani mpira haukumfikia. Akiingia mahali tukicheka, kicheko kilikwisha. Wakati huohuo kila asubuhi tulisimama naye kanisani tukitakiana amani ya Kristo.

Ukurasa ule tuliukalia majuma matatu. Kila Alhamisi tulikuja na sababu: tungojee mitihani iishe, tutamwaibisha, aanze yeye. Tuligundua kwamba wote saba ni hodari wa hoja, na kwamba hoja zetu zilikuwa na harufu ileile ya zile tulizompa mama msibani. Juma la tatu mmoja akasema, "Katekista naye amekwama, lakini yeye angalau anakiri amekwama." Jumapili ile baada ya chakula cha mchana tulimfuata. Tulimkuta akifua. Tulimwomba msamaha pale kwenye karo, mbele ya beseni lake la povu.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Si mimi niliyesema. Lakini hata ningekuwa mimi..." Hakumalizia. Akasuuza shati, akalikamua, akalianika. Ndipo akatuambia kwamba juma lililopita alikwisha kuzungumza na Padre Gombera, na kwamba ataondoka muhula ukiisha. Alisema amelitafakari kwa muda mrefu pamoja na Baba wa Kiroho na anaona Mungu anamwita kwenye maisha mengine. Hakusema kwamba sisi ni sehemu ya sababu zake. Hatukuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Alihudhuria kikundi chetu Alhamisi nne. Alisoma vizuri kuliko sisi sote. Siku ya kuondoka tulimbebea sanduku mpaka kituo cha basi, tukakumbatiana, na mpaka sasa tunawasiliana. Tunamshukuru Mungu kwa Alhamisi zile nne. Lakini zingeweza kuwa saba. Majuma matatu tuliyobishana na ukurasa ule, yeye aliyakaa peke yake karibu na mlango. Kitabu kilitufikisha kwake. Tuliochelewa ni sisi.

Tunaliandika hili kwa idhini yake, na kwa sababu tunadhani ndilo jambo lenyewe. Kitabu kizuri cha Kikristo hakitasamehe kwa niaba yetu. Hakitakwenda kuchimba kaburi. Kinaweza kutuonyesha mlango na kutuambia nani yuko nyuma yake. Mkono wa kubisha ni wetu. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake anamfananisha msikilizaji asiyetenda na mtu aliyejitazama katika kioo, akaenda zake, akasahau sura yake. Sisi tulikuwa na vioo vingi sana.

Machache ya kusaidiana

Tumeulizwa na waamini wa kigango, na pia na wadogo zetu wa seminari ndogo, waanzie wapi. Hatuna mamlaka ya kufundisha, lakini tunaweza kushirikishana yaliyotufaa.

Kwanza, Biblia kabla ya vyote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 25, unawahimiza makleri, makatekista na waamini wote wayasome Maandiko Matakatifu mara kwa mara, na kwamba kusoma huko kuandamane na sala. Vitabu vingine vyote ni watumishi wa kitabu hicho. Kikikupeleka mbali nacho, kiweke chini.

Pili, chagua kwa ushauri. Muulize paroko, katekista, sista au mlezi wako. Katika vitabu vya mafundisho ya imani, tazama kurasa za mwanzo kama kina kibali cha Askofu. Kwa maswali ya imani, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ni rafiki wa kila nyumba. Kwa moto wa moyo, anza na maisha ya mtakatifu ambaye jina lake ulipewa kwenye ubatizo. Wapo wengi wetu tunaoitwa kwa jina la mtu tusiyejua alizaliwa wapi.

Tatu, kidogo kwa uaminifu. Tunajua hali za watu. Mama anayeamka saa kumi usiku kwenda sokoni hana saa nzima ya kusoma. Lakini ukurasa mmoja unaenea kati ya kufunga mlango na kulala. Kuhusu bei, vitabu ni ghali kwa wengi. Basi jumuiya ichangie kitabu kimoja na kisomwe kwa sauti, wale wasiojua kusoma nao wasikie. Towashi Mwethiopia katika Matendo ya Mitume sura ya 8 alikuwa akimsoma nabii Isaya garini bila kuelewa, mpaka Filipo alipopanda na kuketi naye. Wawili walielewa pale mmoja alipokwama.

Nne, andika. Daftari la kawaida linatosha. Andika ukurasa umekuambia nini na umefanya nini. Pale ambapo upande wa pili uko mtupu, ndipo pa kuzungumza na muungamishi wako.

Tano, hasa kwa mafrateri wenzetu: tusidharau hadithi, tamthilia na ushairi. Papa Fransisko katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi alieleza kwamba alikusudia kwanza kuwaandikia wanaolelewa kwa ajili ya upadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Anatukumbusha kwamba riwaya nzuri humfanya mtu aone kwa macho ya wengine na asikie uchungu usio wake. Tungekuwa tumewasoma wanadamu zaidi, pengine msibani tungejua kunyamaza.

Na mwisho, tusichoke. Mtume Paulo akiwa kifungoni, akijua siku zake zimekwisha, alimwomba Timoteo amletee joho lake alilomwachia Karpo kule Troa, na vile vitabu, hasa vya ngozi. Mtu anayengoja kufa, mwenye baridi, aliyefundisha mataifa, bado anataka vitabu vyake. Hakuna miongoni mwetu aliyefika mahali pa kusema amesoma vya kutosha.

Habari za ukurasa wa katekista

Pasaka iliyopita tulirudi kule kigangoni. Baada ya Misa tulikwenda kumsalimia katekista, na tukamwomba atuonyeshe tena kile kitabu. Alifungua sanduku. Vilikuwamo viwili: Biblia na Misale.

"Kile kingine kiko kwa yule mama," alisema. "Alikuja akaniomba habari za Rita asome mwenyewe. Alipomaliza hakukirudisha. Anasema anaendelea na wengine, ukurasa mmoja mmoja."

"Na wewe, Mzee? Ule ukurasa wako wa deni?"

Alifunga sanduku taratibu.

"Ule naukumbuka kwa moyo, hauhitaji kitabu. Nimekwenda kwa yule mtu, nimemsamehe nusu." Akatutazama kama aliyekutwa na kosa, kisha akatabasamu. "Niombeeni, Frateri. Nusu bado."

Nasi tunamwombea. Tunakuomba nawe, ndugu msomaji, utuombee sisi pia, kila mmoja kwenye ukurasa aliokwama.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.